Shika ridhimu, wenzako watakutafuta

Swali la wiki lilikuwa hili: mtu mzima aliyejifunza gitaa nyumbani kwa kutazama simu, awapate wapi watu wa kupiga nao kwa kujifurahisha tu, bila kuwa na bendi? Aliyeuliza amehamia Dodoma kikazi. Mimi naishi hapahapa, Nkuhungu, napiga gitaa kavu na wenzangu kila Jumapili jioni, na jambo hili nalipenda mno, siwezi kulijibu kwa mistari miwili.

Ndugu yangu, jifunze ridhimu kwanza, yaani gitaa la kumsindikiza mwimbaji. Wengi watakuambia uanze kutafuta watu. Mimi nasema anza kutafuta kazi utakayowafanyia hao watu. Karibu kila anayejifunza kwa simu hukimbilia solo, maana video zinazovutia ndizo hizo za vidole vinavyokimbia shingoni mwa gitaa. Ndiyo maana palipo na magitaa matatu utakuta wapiga solo watatu, na wimbo hauendi. Mtu wa kushika kodi nne (kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, asikimbize wala asibaki nyuma, ni adimu. Akijulikana mtaani, anafuatwa nyumbani.

Muziki wetu wa dansi umejengwa hivyo. Sikiliza rekodi za Morogoro Jazz za enzi ambazo Mbaraka Mwinshehe alikuwa bado hajaondoka kuanzisha Super Volcano mwaka 1973, au za DDC Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978. Mara ya kwanza sikio linafuata solo, na ni haki yake. Rudia tena, safari hii ulikataze. Tafuta gitaa linalorudia kipande kilekile kifupi katikati ya besi na solo. Ukilipata, kaa nalo wimbo mzima. Utashangaa jinsi mwimbaji anavyolitegemea kuliko anavyolitegemea lile la solo.

Jirani yetu mmoja ni mzee aliyewahi kupiga dansi ujanani. Nilimpa shikamoo yake nikamwomba anifundishe solo. Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Kapige kwanza kitu ambacho mtu anaweza kuimba juu yake, ndipo uje." Nilikwenda nikafanya hivyo, na sijapata ushauri mwingine uliozidi huo.

Kazi yenyewe ya kujifunza haina siri kubwa. Nyuzi ni sita. Kuanzia ule mnene ni E, A, D, G, B, E. Zifunge sawa, yaani zilinganishe sauti, kila unapoketi; programu za bure za simu zipo. Anza na kodi za G, C, D na E maina (Em). Vidole vitauma wiki za mwanzo mpaka ncha zifanye sugu; nyuzi za nailoni huuma kidogo kuliko za chuma. Robo saa kila siku inashinda saa tatu za Jumamosi. Na jambo ambalo video hazilisemi vya kutosha: mkono wa kulia usisimame. Kama wa kushoto umechelewa kuipata kodi, wa kulia uendelee kupiga hata nyuzi tupu, mapigo yabaki mahali pake. Kodi iliyokosewa hupita, msikilizaji akasahau. Mapigo yakikatika, waimbaji wote wanaanguka nayo.

Kwa mkaaji wa Dodoma kuna la ziada: hewa yetu. Mvua hapa ni za Desemba hadi Aprili, kisha miezi mirefu mikavu. Mbao za gitaa hupoteza unyevu zikasinyaa. Ncha za freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa, hutokeza pembeni na kukwaruza mkono, uso wa gitaa huzama kidogo, nyuzi zikaanza kugusa freti na kutoa mlio wa kukwaruza. Wengi huamua gitaa limekufa, wakaliuza kwa bei ya kutupa. Lisiachwe limetundikwa ukutani wala karibu na dirisha la jua. Liweke kwenye kasha lake, na ndani ya kasha weka sponji yenye unyevu, iliyokamuliwa vizuri, katika kikopo cha sabuni kilichotobolewa matundu. Lowesha tena ikikauka. Mengi ya hayo hurudi yenyewe baada ya muda.

Sasa watu. Hazina kubwa ya wanamuziki wa ridhaa katika mji huu ni kwaya. Zinakutana jioni za katikati ya wiki, zina walimu, nyingi zina vyombo, na wapigaji wengi unaowasikia kwenye sherehe walilelewa humo. Kama wewe ni muumini, nenda ukajiunge kama mwimbaji, gitaa lisubiri. Kama si muumini, sishauri uingie kanisani kwa ajili ya kutafuta gitaa. Watu wale wako kwenye ibada. Lakini wanakwaya ni majirani zako pia, na wengi hufurahi kupiga nyimbo nyingine siku isiyo ya mazoezi.

Hapo utakutana na ukuta mmoja ambao huvunjika haraka ukiujua. Mwanakwaya amefundishwa kwa solfa (Do, Re, Mi), wewe umejifunza kwa herufi. Yeye anakwambia "Do ni G", wewe unauliza kodi gani. Jibu ni kwamba katika funguo hiyo Do ni kodi ya G, Fa ni C, So ni D, na La ni ile E maina. Kwa hizo nne unaweza kusindikiza sehemu kubwa sana ya nyimbo zinazoimbwa mitaani kwetu. Mwalimu akipandisha Do hadi A flati ili sauti za kina mama zikae vizuri, usihangaike. Bana kapo, kile kibanio cha nyuzi zote, kwenye freti ya kwanza, endelea na maumbo yaleyale ya G. Siku niliyoelewa hili nilitamani ningekuwa na mtu wa kuniambia mapema, ndiyo maana naliandika hapa.

Kundi la pili ni wageni wenzako. Tangu serikali ilipoanza kuhamia huku kwa kasi mwaka 2016, mitaa kama Ilazo, Kisasa na Nzuguni imejaa watu walioacha kwaya, bendi na marafiki Dar, Mwanza au Mbeya. Jioni wako nyumbani na gitaa liko chini ya kitanda. Hawajui kwamba nawe upo. Kwa hiyo sema. Sema kazini, kwa kinyozi, kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, na useme kwa ukamilifu: "Napiga gitaa la ridhimu, najifunza bado, natafuta mwimbaji au mpiga besi, Jumapili saa kumi." Tangazo la "natafuta wanamuziki" halimvuti mtu yeyote, kwa sababu kila anayelisoma anadhani haliwahusu watu wa kiwango chake. Sisi tulikutana hivyo: muuguzi mwenye sauti nzuri, kijana wa bodaboda anayepiga besi, mwalimu wa sekondari na mimi.

Kinachotudumisha ni siku isiyohama. Akija mmoja tu, tunapiga wawili. Nyimbo zetu ni chache na tunazimaliza, hatuchezei vipande vya mwanzo vya nyimbo kumi. Tunapiga magitaa makavu uani na kunyamaza kabla majirani hawajaanza kulala. Nyumba za kupanga zina kuta nyembamba, na jirani aliyekereka mara moja anaweza kuua kikundi. Mkifika mahali pa kupiga kwa malipo, hapo kuna usajili wa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na mambo mengine, nami naona si lazima mfike huko.

Jambo la mwisho nalisema kwa sababu ya mahali tulipo. Hii ni nchi ya Wagogo, na muziki wao ni utajiri ambao sisi wapiga gitaa tunaupita tukielekea nyumbani kutazama video. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003, aliupeleka hadi Ulaya. Chamwino, mwendo mfupi tu kutoka mjini, kumekuwa na tamasha la muziki huo. Tafuta mpiga ilimba (chombo cha vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) au zeze akubali kukaa nawe. Mtagundua haraka kwamba sauti hazilingani zote, na wala hakuna aliyefunga vibaya. Ilimba hufuata sauti asilia zinazozaliwa ndani ya uzi mmoja unaotetema, wakati freti za gitaa zimegawanywa kwa hatua sawasawa. Mi yao iko chini kidogo ya yako, na ile sauti asilia ya saba (Do ikiwa G, ndiyo iliyo karibu na F yako) iko chini kwa karibu theluthi ya hatua ya freti moja.

Usimwambie abadilishe chombo chake. Ulifunge gitaa upya kufuata Do ya ilimba, kisha upige Do na So tu, uiache Mi, kwani hizo mbili zinakubaliana karibu kabisa. Ukiitaka ile ya saba, bonyeza freti moja chini yake na usukume uzi pembeni taratibu mpaka usikie sauti mbili zimekuwa moja. Mpe yeye aanze wimbo, wewe shika ridhimu.