Kabla hujamnunulia mtoto jebili (gerbil): maswali yenu na majibu

*Mwanangu wa miaka 8 kaona jebili darasani kwao, sasa hanipi usingizi anataka na yeye. Huyu si panya tu jamani? (Mama wa watatu, Minneapolis)*

Panya ndio dada, tusidanganyane, ila huyu mkia wake una manyoya, asili yake nyika kavu za Mongolia na kaskazini ya China, na Marekani aliingizwa 1954 kwa ajili ya maabara, mambo ya kufugwa majumbani yakaja baadaye. Hanuki sana, anatoka sehemu kavu kwa hiyo mkojo wake ni kidogo. Shida ni kwamba anaishi miaka 3 mpaka 4, na mtoto wa miaka 8 akifika 10 atakuwa na mambo yake mengine, hapo anayebadilisha maranda anayolalia ni wewe. Sasa swali sio mtoto anamtaka au hamtaki, wewe mwenyewe unamtaka? Kama roho inasita mwache aendelee kumuona huko huko shule.

*Dukani kuna keji ya waya, ina ghorofa tatu na mabomba ya plastiki ya rangi rangi, bei nzuri. Nichukue?*

Usichukue! Hapa ndo wengi wanapopotea, wanachagua mnyama kwanza halafu nyumba wanaokota yoyote ile. Jebili kazi yake duniani ni kuchimba. Mwangalie akianza, miguu ya mbele inakwangua haraka haraka, ya nyuma inarusha maranda huko, kisha anageuka anasukuma kifusi kwa kichwa, na asubuhi unakuta handaki lenye milango miwili na chumba cha kulala kimetandikwa karatasi alizozichana vipande vipande. Sasa huyo umuweke kwenye keji ya waya yenye maranda kiganja kimoja, nusu atakumwagia sebuleni, plastiki ataitafuna, halafu usiku kucha anakwangua kona moja ile ile. Tafuta tangi la kioo la samaki, lile refu kwenda juu, jaza maranda ya mti wa aspeni au ya karatasi sentimita 25 hadi 30, changanya na nyasi kavu ili mahandaki yasibomoke, juu weka mfuniko wa wavu maana wanaruka hawa. Tangi lililotumika linatosha kabisa, hata kama linavuja, humo huweki maji. Maranda ya mwerezi achana nayo, harufu ile inamuumiza kifua. Na gurudumu lake la kukimbilia liwe zima lisilo na vijiti, upana kama sentimita 28, la vijiti linanasa mkia.

*Mmoja anatosha?*

Wawili, jinsia moja, ikiwezekana wa tumbo moja. Dume na jike ukiwaweka pamoja umejitakia, mimba ni siku kama 25 hivi na jike anaweza kushika nyingine siku ile ile aliyozaa. Mmoja akija kufa usimtumbukizie mwenzake mgeni, watapigana mpaka mmoja afe, unagawa tangi kwa wavu katikati unawabadilisha pande mara kwa mara mpaka wazoeane harufu.

*Jana nimemtoa mmoja nimshike, akakakamaa akaanza kutetemeka, nikajua basi kafa. Baada ya muda mfupi akaamka. (Kaka wa Leicester)*

Pole kaka, hicho ni kama kifafa, wengi wanarithi, kinakuja wakishtuka au wakipelekwa sehemu mpya. Mrudishe taratibu kwenye tangi, punguza kelele, usimguse guse. Kikimrudia kila mara nenda kwa daktari wa wanyama anayejua wanyama wadogo, na huyo mtafute mapema, sio wote wanawatibu. Halafu usimshike mkia hata siku moja. Ngozi inavuka yote unabaki nayo mkononi, na hauoti tena.

*Niko San Diego, nimezunguka maduka hakuna.*

Na hutampata, California ni marufuku, Hawaii pia. Serikali inaogopa jebili wakitoroka watazaliana porini wale mazao. Fuga panya mweupe, huyo anaruhusiwa na anazoeana na watu haraka kuliko jebili.

*Huku Dodoma mashambani wapo wanaofanana nao, nikikamata mmoja je?*

Hapana hapana. Ni kweli ndugu zake wa porini wako hapa Afrika, lakini wa porini ana viroboto vyake, na viroboto wa panya ndo wanaoleta tauni, waulize watu wa Lushoto walivyoteseka nayo kuanzia 1980. Muache shambani.

*Desemba tunaenda Dar wiki nne, tutawafanyaje?*

Kwenda nao sahau. Siku moja au mbili wanaweza kubaki wenyewe, wiki nne lazima awepo mtu wa kuja kila siku, kijiko cha mchanganyiko wa nafaka kwa kila mmoja, alizeti kidogo tu maana wanazipenda kuliko chakula chenyewe wanaishia kunenepa, na kichupa cha maji akibonyeze ncha kwa kidole aone yanatoka, mara nyingi kimejaa lakini kimeziba. Ukikosa mtu wa hivyo, nunua Januari mkisharudi.