Kamera Mwanza: kwa mwendokasi nakubali, kwa bunduki tuzungumze

Mkuu mleta uzi, umesema Mwanza ikifungwa kamera kila makutano kama wenzetu wa Nairobi na Kampala, ujambazi wa silaha na ajali vitaisha kwa pamoja, na anayepinga ana lake jambo. Mimi sipingi kamera, ndizo zinazonilisha. Nafunga na kurekebisha kamera hapa mjini: madukani, vituo vya mafuta, stoo za samaki, vibanda vya mawakala wa fedha. Ila umechanganya mambo mawili ambayo kamera haiyawezi kwa kiwango kimoja. Mwendokasi inaumudu vizuri sana. Kwenye bunduki, picha yake huja kutazamwa watu wameshaondoka.

Nianze na bunduki, maana nyuzi za namna hii huishia kwenye "picha zipo, kwa nini hawakamatwi?"

Kawaida inakuwa hivi. Wakala kavamiwa jioni anapofunga hesabu, risasi imepigwa juu, jamaa wameondoka na pikipiki na begi. Asubuhi wapelelezi wanapita mtaani wakiuliza nani ana kamera. Jirani anayo, ananipigia: "Fundi njoo, polisi wako hapa." Nafika, paswadi hakuna anayeikumbuka, aliiweka kijana aliyeshaacha kazi. Tukishaingia, shahidi anasema tukio lilikuwa saa mbili usiku. Tunafungua 20:00 ya tarehe hiyohiyo, tunakuta jua linawaka na mama mmoja anapanga nyanya kwenye meza.

Kumbe ile DVR, mashine inayorekodi picha za kamera, ilitoka kiwandani na saa za China, saa tano mbele yetu, na aliyeifunga hakuigusa. Kwa hiyo 20:00 ya kwenye mashine ni saa tisa alasiri ya kwetu, na saa mbili usiku ya Jumanne imehifadhiwa kama 01:00 ya Jumatano. Anayetafuta kwenye tarehe ya tukio hataiona hata akeshe. Afadhali hiyo, ina hesabu yake. Kuna nyingine ambazo kibetri cha saa kimekufa, umeme ukikatika zinaanza upya mwaka 2000, na tukio la juzi limewekwa Januari ya miaka ambayo duka lenyewe halijajengwa. Ukikuta mwenye duka anawaambia polisi "haikurekodi", mara nyingi picha imo humo ndani, hajui tu pa kuitafuta.

Halafu kuna suala la muda. Kamera nne za megapikseli 2 kwenye diski ya terabaiti 1, kwa mipangilio ya kawaida, zinakupa kama wiki moja na nusu. Baada ya hapo mashine inaandika juu ya zilizotangulia. Mpelelezi akipewa jalada wiki ya tatu akaja kuomba picha, anakuta za wiki hii. Hakuna aliyefuta, ndivyo mashine inavyofanya kazi.

Sasa tuseme picha imepatikana, saa iko sawa. Usiku kamera nyingi zinamulika kwa taa ambazo jicho halizioni vizuri, na buibui wanazipenda sana, wanatanda utando mbele ya lenzi kabisa. Hapa kwetu ongeza wale wadudu wa ziwani. Wanaokaa Kirumba au Igombe wananielewa: wakija kama wingu, kamera iliyo karibu na taa inaonyesha kitu kama unga unamwagwa. Pikipiki ikija mbele, taa yake inageuza kioo kizima kuwa cheupe. Ikishapita, namba iko nyuma, ndogo, imepinda, imepakwa tope, na mara nyingine abiria kaining'inizia begi juu yake. Gari au pikipiki ikiwa kwenye kilomita 60 kwa saa inasogea karibu mita 17 kila sekunde. Kamera ya dukani inayochukua picha 15 kwa sekunde inaiona ikiruka zaidi ya mita moja toka picha hadi picha, na kila picha ina ukungu. Zile filamu ambazo mtu anakuza namba mpaka inasomeka, tuwaachie wenyewe. Herufi ambayo lenzi haikuinasa haipo, huwezi kuizalisha kwa kukuza.

Kinachosaidia wapelelezi, kwa niliyoyaona, mara nyingi si sura. Ni mwelekeo. Pikipiki ilikata kona gani, ilikuwa na watu wangapi, ilipita hapo mara ngapi kabla ya tukio. Hiyo ya mwisho ndiyo dhahabu, maana wanaovamia kwa silaha huja kusoma eneo kwanza, na wakija kusoma hawavai kofia za kuficha uso. Lakini ili uione lazima mtu akae arudishe nyuma saa nyingi za picha, tena za kamera za maduka tofauti zenye saa tofauti. Hiyo ni kazi ya watu wenye muda na subira. Kuongeza nguzo yenye kamera hakukuongezei mtu wa kukaa kuitazama.

Umetaja Kampala, twende huko, nayo ni ya ziwa hilihili. Machi 2017 aliuawa kwa risasi Andrew Felix Kaweesi, ofisa wa juu wa polisi, ndipo Rais Museveni akaagiza kamera zifungwe. Uganda ikanunua mfumo wa Huawei kwa dola milioni 126. Juni 2021 watu wenye pikipiki wakalifuata gari la Jenerali Katumba Wamala, waziri wa ujenzi na uchukuzi, mjini humohumo, wakalimiminia risasi. Yeye alijeruhiwa. Binti yake na dereva wake walifariki. Kamera zilikuwepo na picha zikasambaa mpaka kwenye simu zetu huku. Sisemi hazikusaidia upelelezi. Nasema wauaji walijua zipo na wakaja hivyohivyo, wamevaa kofia ngumu. Mtu aliyejiandaa na bunduki ameshapiga hesabu ya kamera. Mwaka 2019 watafiti walichambua tafiti za miaka 40 kuhusu kamera za ulinzi, wakakuta uhalifu kwa ujumla ulipungua kama asilimia 13, zaidi kwenye maegesho ya magari. Kwenye makosa ya kutumia nguvu hawakuona tofauti ya maana.

Na sisi hapa hatujasahau Oktoba 2012, RPC wetu mwenyewe, yaani kamanda wa polisi wa mkoa, Liberatus Barlow, alivyopigwa risasi usiku pale Kitangiri. Nikikumbuka hiyo naelewa kabisa kwa nini watu wanataka kamera kesho asubuhi. Tena silaha nyingi zinazosumbua watu wa kanda hii haziko lami. Waulize wavuvi. Wanavamiwa usiku katikati ya maji, injini inafunguliwa, nyavu zinabebwa, samaki wanahamishwa, wao wanaachwa wanaelea. Nguzo ya kamera utaisimika wapi huko? Kinachowasaidia ni boti ya doria yenye mafuta, na namba za injini zilizoandikwa kwenye daftari la BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, ili ikiuzwa mwalo wa pili ijulikane.

Tuje barabarani, na hapa nakuunga mkono kuliko unavyojiunga mkono mwenyewe.

Mwendokasi hauna pa kujificha. Dereva anayekuja Igoma na 80 hawezi kusubiri wadudu watande. Namba ya gari iko palepale mbele na nyuma, njia ni moja, na kosa linapimika bila shahidi. Mapitio ya tafiti za kamera za mwendo yaliyochapishwa 2010 yalikuta ajali za vifo na majeraha makubwa karibu na kamera zimepungua, sehemu nyingine kwa asilimia 11, nyingine mpaka 44. Sijaona mtu akikuahidi kitu kama hicho kwa bunduki.

Fikiria barabara ya Nyerere kuanzia Mabatini, Nyakato, Buzuruga mpaka Igoma. Malori ya Musoma, mabasi, daladala zinazogombea abiria, bajaji, na wanafunzi wanaovuka popote. Kwenye lami kavu gari la 50 linahitaji kama mita 28 tangu dereva aone hatari mpaka lisimame. La 80 linahitaji karibu 58. Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya mtembea kwa miguu kufa akigongwa na gari inaongezeka mara nne na nusu mwendo ukitoka 50 kwenda 65. Hizo 15 za tofauti dereva wa hapa haziiti hata mwendo, anasema "nilikuwa natembea tu".

Mtasema tochi, zile mashine za mkononi za trafiki za kupima mwendo, zipo. Zipo, na zimesaidia, lakini wote tunajua zinavyochezwa. Ukitoka Kisesa kwenda Magu, wa mbele anakupigia taa, unashuka mpaka 45, unampungia trafiki, ukipita kona unarudi kwenye 100. Umepunguza kwa ajili ya askari, siyo kwa ajili ya mtoto anayevuka kilomita mbili mbele. Ukinaswa, picha inatumwa kwa simu kwa mwenzake aliye mbele, unasimamishwa, faini ni 30,000, na pale pembeni wakati mwingine kuna mazungumzo ambayo hayaingii kwenye mfumo. Anayezungumza na anayezungumzwa wote wana kosa, tusimtupie askari peke yake.

Kamera ya kudumu haizungumzi. Lakini nayo ikiwa moja mahali pamoja, madereva wataijua ndani ya wiki na wataifanyia kama wanavyoifanyia tochi. Iliyo bora ni ya jozi: ya kwanza inasoma namba na saa unapoingia, ya pili unapotoka kilomita kadhaa mbele, kisha inapiga hesabu. Kwenye kilomita 10, gari lisilotakiwa kuzidi 80 halitakiwi kufika chini ya dakika saba na nusu. Umefika kwa sita? Huhitaji kubishana na mtu. Waskoti wamefunga za aina hiyo barabara ya A9 tangu 2014. Na sisi tumeshazoea wazo lenyewe, maana mabasi ya mikoani yana VTS, kifaa cha kufuatilia gari, na LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, wanaona mwendo wake. Kilichobaki ni malori, daladala na sisi wenye magari madogo tunaojiona hatuhusiki.

Ila vibao kwanza. Kampala Juni 2025 walianza kutoza faini kwa kamera moja kwa moja, watu wakalalamikia kiwango cha faini na sehemu za kilomita 30 kwa saa, mfumo ukasimamishwa kupisha mapitio. Na aliyetangaza kuusimamisha ni huyohuyo Jenerali Katumba, akiwa waziri. Barabara ambayo kibao cha 50 kimefichwa na matawi, au cha kumalizia eneo la 50 kimeng'olewa na kuuzwa chuma chakavu, ukiifunga kamera unatega watu.

Kuna jambo umelipita kwa sentensi moja: "kama huna cha kuficha, unaogopa nini?" Mimi ndiye ninayekaa chumba cha kamera za watu, acha nikuambie. Nimeona mlinzi ameisogeza kamera inayozunguka, ile ya getini, ikaacha geti na kutazama baraza la nyumba ya jirani ambako wasichana wanasukana. Nimeombwa na mtu nimtolee picha za nani aliingia gesti fulani na nani, akaahidi hela nzuri. Nilikataa, lakini fundi mwenye njaa atakataa mara ngapi? Novemba 2020 kule Kampala, baada ya maandamano ya kupinga kukamatwa kwa mwanasiasa wa upinzani Bobi Wine, polisi wenyewe walisema wametumia kamera kuwasaka waliokuwepo. Mfumo ulionunuliwa kwa ajili ya kuwasaka wauaji ukawa na matumizi ya pili. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha. Kwa hiyo kamera za jiji zikija, maswali yangu ni haya: picha zinakaa muda gani, nani anaingia kwenye chumba, jina lake linaandikwa wapi kila anapotoa nakala, na mimi nikigongwa na gari Mkuyuni naomba picha kwa nani na napewa ndani ya siku ngapi? Hilo la mwisho halizungumzwi kabisa, wakati ndilo litakalomsaidia mwananchi wa kawaida kuliko yote.

Mahakamani pia kuna kigingi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inataka korti iridhike jinsi taarifa ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na kama haijaguswa. Ile tabia ya kurekodi kioo cha DVR kwa simu na kurusha WhatsApp kwenye kundi la mtaa inapunguza uzito wa ushahidi wako, na inamwambia mhalifu nini kimeonekana. Toa nakala kwenye fleshi mbele ya askari, aandike namba ya mashine, aandike saa ya mashine na saa halisi ya wakati huo, wewe utie sahihi.

Ningekuwa na bajeti ya kuanzia? Jozi ya kamera za mwendo barabara ya Nyerere kabla na baada ya Buzuruga, nyingine barabara ya Kenyatta upande wa Nyegezi na Buhongwa, na taa za barabarani zinazowaka kweli. Taa zingesaidia hata hizo kamera za madukani, na zingemsaidia dereva kumwona mtu kabla hajamgonga. Kwa ujambazi wa silaha, hela ningepeleka kwa wapelelezi na doria ya ziwani, halafu kamera zilizopo tayari zioanishwe saa. Hiyo kazi ya saa ni bure.

Mwisho, uliuliza kuhusu duka lako la Igoma. Bei inategemea kamera ngapi na waya urefu gani, tuongee inbox. Ila fundi yeyote utakayemwita, usimlipe mchana. Mwambie arudi saa mbili usiku, pita na bodaboda mbele ya duka taa imewashwa, kisha akuonyeshe namba kwenye kioo. Na muulize mashine inasema saa ngapi.