GMT inakataa kujengeka: "Could NOT find NETCDF"

Ndugu yangu usichoke, unasema unataka kujenga GMT (programu ya kuchora ramani) weye mwenyewe na inakataa, hiyo "Could NOT find NETCDF" hata miye ilinisumbua siku mbili hapa Goma wakati nilikuwa nataka kuchora ramani ya lava ya Nyiragongo ya 2021. Unasema netCDF (laibrari ya kusoma na kuandika data zenye GMT inatumia) iko tayari ku mashini yako, ndiyo, lakini hiyo ni ya kutumia tu, ya kujengea njo inakosa, CMake (programu yenye inatayarisha ujenzi) inatafuta faili kama netcdf.h na ku Ubuntu hizo zinakuwa mu paketi zenye zinaishia na -dev. Piga hii:

sudo apt install libnetcdf-dev libgdal-dev libcurl4-gnutls-dev

Ya gdal (laibrari ya kusoma faili za ramani) itavuta vitu mingi nyuma yake, kwa hiyo chunga mega zako, na usianze kama umeme inacheza-cheza.

Kisha, na hapa njo wengi wanaangukia, futa folda ya build yote mbele ya kurudilia cmake, juu inachunga majibu ya zamani mu CMakeCache.txt, unaweza kuweka laibrari zote za dunia na bado inaweza kuendelea kukuambia hapana.

Kama netCDF uliijenga weye mwenyewe mu /opt, onyesha cmake njia na -DCMAKE_PREFIX_PATH=/opt/netcdf. Ikijengeka halafu ikatae kufunguka, ikilalamika "error while loading shared libraries", weka /opt/netcdf/lib mu LD_LIBRARY_PATH (orodha ya folda zenye Linux inatafutia laibrari).

Ongeza na paketi ya gmt-gshhg, njo iko na mistari ya kando ya maziwa, Kivu yetu nayo ionekane. Ikikwama tena bandika hapa mistari ya kwanza ya kosa, hapana ya mwisho.