Leseni ya saluni si cheti cha usafi

Dadangu, umeuliza kama leseni iliyobandikwa ukutani pale saluni Kongowea, Mombasa, inatosha kukuhakikishia kwamba vyombo ni safi. Haitoshi. Leseni ya kaunti ni ruhusa ya kufanya biashara. Usafi ni kazi ya bwana afya, yaani afisa wa afya ya umma, ambaye Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inampa nguvu ya kukagua na kuamuru uchafu uondolewe. Tangu katiba ya 2010 afya ya mashinani iko chini ya kaunti, lakini bwana afya hawezi kushinda mlangoni kila siku. Kwa hiyo angalia mwenyewe.

Angalia mkasi wa kucha hasa. Virusi vya homa ya ini aina ya B huishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata kama damu haionekani. Kupangusa kwa kitambaa chenye spiriti, tena kile kile cha mteja aliyetangulia, hakusaidii. Chombo kioshwe kwanza kwa sabuni na brashi, kisha kilowe dakika 10 kwenye dawa ya klorini: ile ya asilimia 3.5 ya madukani, kipimo 1 cha dawa kwa vipimo 6 vya maji. Wembe ufunguliwe mbele yako. Yale masanduku ya taa ya buluu wanamowekea vyombo hayaui kila kijidudu, usidanganyike.

Wakikataa, ondoka, halafu ripoti kwa ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo yenu, Nyali. Na chanjo ya homa ya ini aina ya B ipo, dadangu, ulizia hospitalini.