i7 inagonga nyuzi 100 na AIO ipo: kabla hujanunua ya 360, tazama joto linapandaje

Mkuu, nimesoma uzi wako wote na picha nimeziona. Kwa ambao hawakufuatilia: jamaa yuko Iyunga, huku Mbeya, ana Core i7-12700K inayopozwa na AIO ya milimita 240, mtumba. AIO ni kipoozeo cha maji kinachokuja kimefungwa tayari: pampu yenye kibao cha shaba inakaa juu ya prosesa, mipira miwili inapeleka maji kwenye rejeta yenye feni, na hiyo 240 au 360 ni ukubwa wa rejeta. Vyote vimenunuliwa Dar vikaja kwa basi. Akifungua gemu tu, prosesa inagonga nyuzi 100, feni zinaunguruma, picha inaanza kukwama. Pesti, ule uji wa kupitisha joto kati ya prosesa na kibao, kabadilisha, wapi. Fundi kamwambia anunue AIO ya 360. Anauliza atoe hela au asitoe.

Usitoe kwanza.

Naanza na hali ya hewa kwa sababu kuna mchangiaji hapo juu kasema "huku milimani hewa nyepesi, ndiyo maana". Wepesi upo kweli. Mbeya mjini tuko kwenye mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, na feni inayozunguka huku inasukuma hewa yenye uzito pungufu kwa asilimia 15 hivi kuliko ingekuwa Dar. Lakini chumba chako mwezi huu wa Julai kina nyuzi 17 au 18, cha Dar kinaweza kuwa na 28. Wepesi wa hewa unakuibia nyuzi mbili tatu kwenye rejeta, baridi inakurudishia kumi. Kwa hiyo AIO hiyo hiyo ilitakiwa ipoze vizuri zaidi huku kuliko Kariakoo. Ikishindwa Mbeya, tena Julai, haijazidiwa na kazi: ni mbovu, au imefungwa vibaya. Na kama tatizo ni ufungaji, ya 360 utaifunga pale pale na kupata nyuzi 100 zile zile kwa bei kubwa zaidi.

Mwingine kauliza kama maji yanachemka humo ndani, maana huku maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Hapana. Nyuzi 100 unazoziona ni za ndani kabisa ya prosesa. Maji ya AIO isiyo na ubovu hukaa kwenye 30 hadi 45, na watengenezaji wengi hawataki yavuke 60.

Sasa kazi yenyewe. Mashine ya namna hii ikifika mezani kwangu hapa Mwanjelwa, bisibisi inasubiri. Nafungua HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya mashine, upande wa sensa, naiacha mashine itulie, halafu nawasha Cinebench, programu ya kuipa prosesa kazi nzito, na kutazama vitu viwili kwa pamoja: wati za prosesa, ule mstari wa CPU Package Power, na mwendo wa joto kupanda. Watu wengi wanaangalia namba ya mwisho tu, "imefika 100", wakati namba hiyo peke yake haisemi chochote.

Maji ni mazito kupata moto. Kama joto linatoka vizuri kwenye prosesa na kuingia kwenye maji, utaona linaruka hadi 60 au 70, halafu linapanda taratibu kwa dakika kumi na zaidi mpaka maji yote yapate joto. Likipanda polepole namna hiyo na kuishia pabaya, tatizo liko mwisho wa safari: rejeta imejaa vumbi, feni zimegeuzwa zinapigana, au keisi haina pa kutolea hewa. Lakini joto likifika 100 ndani ya sekunde chache wakati maji bado ni ya baridi, hakuna cha rejeta wala feni hapo. Joto halijafika hata kwenye maji. Wewe umeandika "nikifungua gemu tu". Umeshajijibu nusu.

Wati zitakupa nusu nyingine. Intel wameipangia 12700K wati 125 za kawaida na 190 za juu, ila madabodi (ubao mkuu unaobeba prosesa) nyingi zinafungulia zaidi ya hapo zenyewe. Kwenye gemu prosesa hii mara nyingi hula 70 hadi 110. Ukiona nyuzi 100 na wati 80, upoozaji haupo kabisa. Ukiona wati 230 kwenye Cinebench na nyuzi 100, hapo madabodi inaishindilia prosesa umeme, ingia BIOS, yaani mipangilio ya madabodi yenyewe, urudishe ukomo kwenye 190 au hata 150. Kwenye gemu hutaona tofauti. (Wenye Ryzen 7000 msije mkapaniki kwa kusoma haya: AMD wenyewe wameziachia zifike 95 zikipewa kazi nzito. Huo si ugonjwa.)

Baada ya hapo shika mipira miwili inayotoka kwenye pampu, mashine ikiwa kazini kwa dakika kadhaa. Yote miwili vuguvugu, maji yanazunguka. Mmoja wa moto na mwingine wa baridi, maji yanajikokota. Yote miwili ya baridi huku skrini inasema 100, basi ama pampu imekufa, ama kibao cha shaba hakijagusa prosesa ipasavyo. Hapa ndipo nahisi ulipo.

Pampu kwanza, kwa kuwa haihitaji kufungua kitu. HWiNFO ikionyesha mizunguko kati ya 2,000 na 3,000 kwa dakika, inazunguka. Ikionyesha sifuri, usiizike bado, inawezekana waya wa kutoa taarifa haujachomekwa, au umechomekwa kwenye pini nyingine. Weka ncha ya bisibisi ndefu juu ya pampu na mpini sikioni, kama mafundi wa gereji wanavyosikiliza injini. Pampu nzima inatoa mvumo mwembamba usiokatika. Ukisikia maji yanagugumia, ina hewa. Kimya kabisa, angalia waya wa umeme, hasa zile zinazochukua umeme wa SATA: keisi iliyopanda mlima Kitonga kwenye buti la basi, chini ya mizigo ya watu, hufika na waya zimelegea. Kwenye BIOS iweke pampu izunguke asilimia 100 muda wote. Ikiachwa ifuate joto kama feni za kawaida, inaweza kuwa inatembea robo mwendo wakati kazi imeshaanza.

Kuhusu hewa: rejeta yako iko mbele na kichwa chake kiko juu ya pampu, hapo sina ugomvi. Ingekuwa chini ya pampu, hewa yote ingekusanyika kwenye pampu. Hata hivyo iinamishe keisi taratibu upande huu na ule ikiwa imewashwa, mapovu yaliyokwama safarini yaondoke.

Pampu ikiwa hai, rudi kwenye mgusano, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu AIO yako ni mtumba. Prosesa za kizazi cha 12 zilitoka Novemba 2021 na soketi mpya ya LGA1700. Matundu ya kufungia kipoozeo yalihama kutoka milimita 75 kwenda 78, na prosesa yenyewe inakaa chini kidogo kuliko za zamani. AIO ya kabla ya hapo inadai breketi mpya. Sasa kuna madabodi zilizotobolewa matundu ya aina zote mbili, kwa hiyo breketi ya zamani inaingia, skrubu zinafika mwisho, mkono unakwambia imekaza, kumbe kibao kinaelea juu ya pesti. Nimezifungua kadhaa za hivyo, na mwenye nayo anakuwa ameshaambiwa na watu pesti yake ni feki.

Utajuaje? Fungua utazame alama ya pesti bila kuifuta. Kibao kilichogandamiza vizuri huacha pesti nyembamba sana katikati, chuma kinakaribia kuonekana, na nyingine imesukumwa pembeni. Ukikuta katikati kuna pesti nene, haikubanwa. Ikiwa nene upande mmoja, skrubu zilikazwa bila kufuata mkingamo, yaani kona kwa kona inayotazamana. Kagua pia kama ile karatasi ya plastiki ya kiwandani haijabaki chini ya shaba. Mnacheka, lakini ipo. Futa kwa isopropili au spiriti ya dukani na kitambaa kisichotoa nyuzi, weka pesti mpya kiasi cha punje ya maharage, kaza kwa mkingamo zamu kwa zamu. Breketi ya LGA1700 watengenezaji wengi huiuza peke yake, ulizia kwa jina la AIO yako.

Ikiwa mgusano uko safi, pampu inavuma na mpira mmoja bado ni wa baridi, mifereji ya ndani ya kibao imeziba. Rejeta nyingi za AIO ni aluminiamu, kibao ni shaba, na dawa ya maji ikichoka metali hizo zinaanza kulana na kutoa tope. Iliyofika hapo haina maisha.

Vumbi la kiangazi na jiko la mkaa linalowashwa chumbani usiku wa baridi vinaziba rejeta, ndiyo, ipulize kwa bloa huku umezuia feni kwa kidole. Ila si hilo linalokusumbua wewe leo.

AIO ikithibitika imekufa, mimi ningenunua kipoozeo cha hewa, mnara mmoja mzuri wenye feni mbili. Kwa baridi ya huku unaitosha 12700K kwenye gemu, na kikiharibika ni feni tu unabadilisha. Prosesa haitaungua wakati unatafuta hela, inajipunguzia kasi yenyewe ikifika 100, lakini iwekee ukomo wa wati 65 kwenye BIOS uendelee na kazi za chuo.

Na yule aliyeshauri atoboe AIO aongeze kulanti ya gari: usimsikilize. Nyingi hazina kizibo cha kujazia, ukifungua kiungo cha mpira hutakirudisha kikazuia maji, na chini ya kiungo hicho ipo kadi yako ya picha. Fanya kipimo cha mipira leo usiku, tupia hapa wati na mizunguko ya pampu tuone.