Semina imeisha, hela imekwenda, je nesi anaweza? Maswali yenu kuhusu gharama za mafunzo

Toka niandike kuhusu semina za wahudumu wa afya na hela zinazokwenda humo, meseji zimekuwa nyingi kwelikweli. Nimechukua hizi tano, zingine zilikuwa zinauliza kitu kilekile.

Dada, mimi mhasibu wa halmashauri. Tulipewa milioni 24, tukafundisha wahudumu 30 jinsi ya kumsaidia mtoto anayezaliwa hapumui, nikaandika laki nane kwa kila mmoja. Kuna mtu kaniambia hesabu yangu haina maana. Nimekosea wapi?

Hujakosea kugawanya kaka, ila umehesabu vichwa vilivyokaa ukumbini. Rudi baada ya miezi 6, weka mdoli wa mazoezi mezani, mwambie kila mmoja huyu mtoto hapumui, halafu shika saa. Tuseme kabla ya semina waliokuwa wanaweza ni 4 na sasa wanaweza 12, basi hela yako imenunua watu 8, na kila mmoja kakugharimu milioni 3. Sasa chukua mfano wa wenzako waliofundisha watu 30 hukohuko kituoni kwa milioni 15, wakatoka 4 wakafika 24. Hao wamepata watu 20, laki saba na nusu kila mmoja. Ukihesabu vichwa mnaonekana mnakaribiana, wewe laki nane wao laki tano, ukihesabu mikono inayoweza kazi wewe ni ghali mara nne yao.

Halafu kuna gharama ambazo hazina risiti na ndo zinasahaulika kila mwaka. Zahanati ina manesi wawili, mmoja kaenda semina siku 5, anayebaki anashika mchana na usiku, mama anakuja kliniki na mtoto mgongoni anaambiwa rudi jumatatu. Nauli ya bodaboda ya yule mama ni gharama ya semina yako, na mshahara wa zile siku 5 pia, uandike. Ila mdoli na moduli usivibebeshe mwaka mmoja, vitatumika miaka kadhaa, bei yake igawanye kwa hiyo miaka.

Haya mambo yameshapimwa hapa kwetu au ni nadharia tu?

Yamepimwa, tena kijijini. Hospitali ya Haydom, wilaya ya Mbulu huko Manyara, mwaka 2010 wakunga walifundishwa kwa siku moja ule mpango wa kumsaidia mtoto apumue ndani ya dakika yake ya kwanza. Walipopimwa baadaye kwa mdoli walifanya vizuri, wamepanda kabisa, ila walipoangaliwa leba kwa watoto wenyewe, utendaji ulikuwa uleule wa zamani. Hapo wengi wangeandika ripoti ya mafanikio wakafunga mradi. Wao wakaleta mazoezi mafupi wodini, dakika 3 mpaka 5 kila wiki, na marudio marefu kidogo kila mwezi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka kama 11 kwa kila watoto 1,000 hadi kama 7. Dakika 5 haziombi ukumbi wala posho ya kulala jamani, na hao watoto wanne katika kila elfu moja wamevuka ile siku ya kwanza.

Mimi mwenyewe niliwahi kuingia kituo kimoja nikaomba mdoli wa mazoezi. Upo kabatini, kabati limefungwa, funguo anayo mfawidhi na mfawidhi yuko likizo. Ulipokuja kutolewa nailoni yake ilikuwa bado haijachanwa, na semina ilishapita miezi 9. Iliniuma sana, kwa sababu kwenye karatasi kile kituo kilikuwa kimeshahesabiwa kimefundishwa.

Si tuhamishie kila kitu online? Bando ni rahisi kuliko posho.

Dozi, miongozo mipya, kujaza fomu, sawa hamishia, ila weka bei ya bando kwenye bajeti maana sasa hivi analipa nesi mfukoni. Kushika kinyago cha ambu, ule mfuko wa kumpulizia mtoto hewa, kwenye uso wa mtoto wa kilo mbili bila kuvujisha hewa hakufundishwi na kioo cha simu, vidole vinataka kushika.

Shikamoo mama, nasoma uuguzi mwaka wa pili. Ni kweli posho ndo inaharibu mafunzo?

Marahaba mwanangu. Nesi aliyetoka kijijini akalala mjini lazima ale, posho ni haki yake. Kinachoharibu ni kumchagua mtu kwa sababu ni zamu yake kwenda semina, leba hajaingia mwaka mzima, na yule anayezalisha kila usiku anaachwa. Au anafundishwa mtu mwezi wa tatu, wa sita kahamishwa idara. Ile hela imepotea yote.

Kwa hiyo mafunzo marefu ya gharama yafutwe?

Hapana, msinielewe vibaya. IMCI ya kuhudumia watoto wagonjwa ilikuwa siku 11, ghali kweli. Lakini ilipopimwa Morogoro Vijijini na Rufiji ikalinganishwa na Kilombero na Ulanga ambako haikuwepo, matokeo yakatoka 2004, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13, na gharama ya kumhudumia mtoto mmoja ilikuwa kama dola 11 kule penye IMCI na 16 kule pasipo. Na zile wilaya mbili zenye IMCI timu zake za afya zilikuwa zimeimarishwa, watu wanafuatwa vituoni kwao.

Kaka mhasibu, bajeti ijayo punguza siku moja ya ukumbi, hiyo hela iende mafuta ya usimamizi shirikishi, yaani kumfuata nesi kituoni kwake na kumwelekeza akiwa kazini, na funguo ya kabati akae nayo aliye zamu.