Lamineti au marumaru kwa chumba cha kulala, Mbeya

Kwa chumba cha kulala na sebule weka lamineti, yaani sakafu ya mbao nyembamba za kiwandani. Mbao zake zimetengenezwa kwa unga wa mbao ulioshindiliwa, na mbao haivuti joto la mguu haraka kama kigae cha marumaru. Baridi ya Juni na Julai huko Uyole utaona tofauti asubuhi ya kwanza tu ukishuka kitandani. Pia haihitaji saruji wala gundi, mbao zinabanana zenyewe, na fundi mzuri anamaliza chumba kwa siku moja.

Kinachoiua ni maji. Unyevu ukipanda kutoka kwenye jamvi (zege la sakafu), kingo zinavimba na hazirudi tena. Kwa hiyo kabla ya kununua, bandika kipande cha nailoni cha mita 1 kwa mita 1 juu ya sakafu, ziba pembeni kwa utepe wa gundi, acha saa 24. Ukikuta matone chini yake, subiri, hasa kama zege ni jipya. Ikiwa kavu, tandika nailoni nzito, kisha sponji ya mm 2 au 3, halafu lamineti. Acha nafasi ya mm 8 hadi 10 kila ukuta (skating, ule ubao wa chini ya ukuta, itaifunika), la sivyo sakafu itainuka katikati masika yakiingia.

Unene mm 8, daraja la kustahimili kuchakaa AC3 au AC4, inatosha nyumbani. Nunua ziada ya 10% ya kukatia. Bafuni na jikoni bakini na marumaru, na kudeki lamineti kwa ndoo sahauni: kitambaa kilichokamuliwa tu.